Ndege Kichwa Chini, Miguu Juu

Mume wangu ni fundi wa lifti, na kwa miaka mingi tuliishi ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa imekufa. Utani huo aliutunga Mungu mwenyewe, si mimi. Kila asubuhi alibeba mkoba wake wa spana, akashuka kwa ngazi, akaenda kutengeneza lifti za watu wengine. Jioni akarudi akapanda kwa miguu huku anahema. Angeweza kuitengeneza na yetu akiwa amefumba jicho moja, lakini mota ilikuwa imeungua na mwenye jengo alikataa kununua nyingine. Jengo zima lilikuwa la watu weusi kama sisi, na mwenye jengo alikuwa na msemo wake kwamba watu wetu wamejaliwa miguu yenye nguvu. Majirani walimbatiza mume wangu jina la Bwana Ngazi. Yeye alicheka. Mimi nina hasira za karibu, na sikuona cha kuchekesha.

Sikukiona kwa sababu ya mama. Mama yangu mzazi tulikuwa tukiishi naye, na alianguka kwenye ngazi zile zile akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, Bwana Ngazi alimbeba mgongoni mpaka juu, akipumzika kila kona. Mama alipowekwa kitini aliutazama mlango, akasema, "Sitapandishwa tena kama gunia la mkaa. Siku nitakayohama hapa nitashuka na mizigo yangu, na sirudi." Mama akisema amesema. Tangu siku hiyo dunia yake ikawa vyumba viwili, dirisha moja, na cherehani yake ya mkono ambayo imenizidi umri.

Na huyu alikuwa mtu wa kutembea! Alikuwa mtu wa kwenda dukani kununua sindano moja, akarudi na habari za mtaa mzima. Sasa nikirudi kazini aliniuliza, "Haya, chini kukoje?" kana kwamba chini ni nchi ya ng'ambo. Swali hilo lilinichoma kila jioni. Nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu: nyumba ya chini, ambayo mama angefungua mlango akakanyaga ardhi.

Mimi ni fundi wa mapazia. Duka letu ni la watu wawili, mimi na mwenzangu ambaye nimempa jina la Miwani, kwa sababu anavaa miwani machoni, nyingine anaiweka kichwani, na siku nzima anatafuta ya tatu. Miwani ni mweupe. Yeye hukaa mbele, hupokea wateja na kukata vitambaa. Mimi hukaa nyuma kwenye cherehani, kisha hutoka kwenda kutundika. Tuna sheria moja isiyovunjwa: hatukati kitambaa kabla ya kupima dirisha. Dirisha na dirisha si ndugu, hata yakiwa katika ukuta mmoja.

Ndiyo maana tulishangaa siku alipoingia dalali mmoja wa nyumba. Nilikuwa nyuma ya rafu, nilisikia sauti tu.

"Nataka pazia moja, pande mbili, la kufunga kwa kamba juu. Liwe pana. Nalitaka haraka."

"Dirisha lina upana gani?" Miwani akamwuliza.

"Lolote."

"Lolote vipi?"

"Dirisha lolote, dada yangu. Litoshe popote nitakapolitundika. Na kitambaa nipe chochote cha bei ya chini."

Miwani akampa kitambaa ambacho kilikuwa kimetukalia rafuni bila mnunuzi: cha manjano, kimejaa ndege wakubwa wa buluu. Siku hiyo tulikuwa tumezama kwenye kazi ya ukumbi wa mikutano, kwa hiyo nikampelekea mama. Mama akipata kazi uso wake hunawiri. Akaliweka pazia mapajani, akazungusha cherehani yake, na kesho yake nikaondoka nalo likiwa limekunjwa vizuri.

Mimi nilikwenda kutundika kwa mteja mwingine, Miwani ndiye aliyelikunjua mbele ya dalali. Upande wa kulia ndege walikuwa wanapaa, raha kuwatazama. Upande wa kushoto walikuwa kichwa chini, miguu juu, wote, kama kuku wanaopelekwa sokoni. Miwani akaona haya, akaomba apewe siku moja aligeuze.

"Usijisumbue," dalali akamwambia, tayari amelitia kwapani. "Hakuna mtu atakayekaa nyuma yake."

Jioni nikamtania mama. "Mama, umewaua ndege wa watu."

"Hawajafa," akasema bila hata kuinua macho. "Wamechoka kuruka, wanapumzika. Wewe hukuzaliwa na mapumziko ndiyo maana huyajui. Na tena nilipofika mwisho wa pindo uzi wa njano ukaniishia, nikamalizia na mwekundu. Kama na hilo wamelalamika, waambie waje juu waseme na mimi."

Hakuna aliyelalamika. Tukalisahau.

Baada ya muda nikaona tangazo la nyumba: ghorofa ya chini, vyumba vitatu, mlango wake unaelekea barabara tulivu yenye miti, si mbali na duka letu. Nikapiga simu. Mwanamume aliyepokea alikuwa mtamu kama asali. Nyumba ipo, akasema, tena ni tupu, njoo hata sasa hivi. Nikamwachia Miwani duka nikaenda mbio, hata tepu ya kupimia nimeisahau shingoni.

Alinifungulia mlango wa ofisi akiwa na tabasamu lililokwisha kupangwa. Aliponiona, tabasamu lilibaki pale pale, ila macho yakahama. Tangu hapo nimemwita Bwana Tabasamu.

"Aa, dada, pole sana. Imekwenda."

"Imekwenda wapi? Si nimepiga simu sasa hivi?"

"Ndiyo mambo ya nyumba hayo. Kufumba na kufumbua, mtu kaichukua. Wameshaingia, hata pazia wametundika." Akanitazama kutoka utosini hadi unyayoni, akaishia kwenye tepu. "Lakini mbona hutafuti kule kwenye majengo ya watu wenu? Mtu akikaa na wenzake hujisikia nyumbani."

"Mimi hujisikia nyumbani pale ambapo mama yangu anaweza kutoka nje," nikamjibu, nikaubamiza mlango wake.

Nikapita mbele ya nyumba ile kwa sababu ndiyo ilikuwa njia. Nilitaka angalau niione, nijue ni nini kimenipita. Nikainua macho dirishani, na hapo nikasimama. Pazia la manjano. Upande wa kulia ndege wanapaa. Upande wa kushoto kichwa chini, miguu juu.

Nikaelewa yote papo hapo. Nikaelewa kwa nini dirisha lolote, kwa nini haraka, kwa nini hakuna atakayekaa nyuma yake. Nyumba ilikuwa tupu kama kibuyu. Nimetukanwa mara nyingi maishani, na matusi mengi nimeyarudisha kwa aliyenitupia, lakini siku ile niliumia mahali ambapo sikujua pana maumivu. Mama yangu alikuwa ameshona, kwa mikono yake, kwenye dirisha lake la juu, kitu cha kumzuia asishuke.

Nilipomsimulia Miwani, alivua miwani yote miwili. "Huyo dalali ana tai ya kijani na meno mengi?"

"Mengi mno."

"Ndiye."

Kesho yake akaenda yeye kuiulizia nyumba ile ile. Nilimwambia atajulikana, maana si ndiye aliyemuuzia pazia? Akasema na ajulikane. Alirudi masikio yamemwiva, akakaa juu ya marobota ya vitambaa.

"Alinikumbuka," akasema. "Alifurahi! Akanifungulia nyumba, akalishusha pazia mbele yangu, akalikunja. Akaniambia, 'Dada, pazia lako hili ni dawa. Likitundikwa tu, wale hawaulizi swali la pili.' Halafu akanikonyeza."

"Akakukonyeza?"

"Alidhani mimi ni wa kwake." Machozi yakamtoka. "Tumefanya kazi pamoja miaka yote hii, mimi na wewe, na mtu ananitazama usoni mara moja tu anadhani mimi ni wa kwake."

Mimi silii kirahisi. Nilichukua mkasi mkubwa nikakata kitambaa cha mteja kabla ya kupima dirisha, kikaharibika, na Miwani akavikusanya vipande.

Nyumbani, Bwana Ngazi alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono yake yenye grisi, akasema maneno ya Bwana Ngazi. "Mke wangu, dua la kuku halimpati mwewe. Wale wana mawakili. Tutafute kwingine."

"Basi kuku ameacha kuomba dua," nikamwambia. "Kesho kuku anakwenda barazani."

Mjini kwetu kulikuwa na Baraza la Nyumba la kusikiliza malalamiko ya wapangaji. Karani wa pale alikuwa mwungwana, lakini hakunificha. Alisema neno langu na neno la mwenzangu wa biashara, dhidi ya neno la dalali, litakuwa ni kuvutana shati. "Kama wapo wengine waliofanyiwa hivi, walete," akaniambia.

Wengine nitawapata wapi? Nikaanza na jengo letu. Niligonga mlango hadi mlango nikiuliza swali moja ambalo kwa mtu asiyejua lingekuwa la kichaa: "Samahani jirani, umewahi kuona pazia lenye ndege kichwa chini?"

Muuguzi wa ghorofa ya pili akadondosha kijiko. Alikuwa ameliona, tena si kwenye nyumba ile ya chini. Aliliona ng'ambo ya bustani, katika jengo jingine kabisa, siku alipokwenda kutafuta nyumba karibu na hospitali akaambiwa imeshachukuliwa. Dereva wa basi wa ghorofa ya kwanza aliliona upande wa stesheni. Yeye akanipeleka kwa dada yake, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa ameliona mahali pengine tena. "Nilijiambia, wapangaji hawa walitundika pazia wakiwa wamelewa," mwalimu akasema. Tukacheka mpaka tukashikana mabega, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kila mmoja alikumbuka alivyorudi nyumbani siku ile akimwambia mtu kwamba nyumba imekwenda, bahati mbaya, tutapata nyingine. Mwalimu akasema alikuwa amejilaumu kwa kuchelewa. Alikuwa hajachelewa hata kidogo.

Baraza likamwita Bwana Tabasamu. Kabla ya siku ya kikao, alikuja kwetu.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alipanda ngazi za ghorofa nne kwa viatu vyake vya ngozi, na alipofika mlangoni alikuwa rangi ya nyanya, tai imehamia begani, hawezi kusema. Bwana Ngazi, kwa upole wake, akamvutia kiti. Mama akaacha kushona akamtazama.

"Mpe mgeni maji," akaniambia. "Kunywa, mwanangu. Ngazi zetu ni nyingi."

Akanywa. Alipopata pumzi akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani karibu na cherehani. "Mama, tusifike mbali. Ile nyumba ya chini imepatikana. Ni yenu. Mkitaka mhamie leo. Ila binti yako ayaondoe yale malalamiko, tumalizane kiutu uzima."

Nitasema ukweli, ufunguo ule niliutaka. Niliutaka mpaka vidole vikanisisimka. Mume wangu akanitazama nikamtazama, na wote wawili tukamtazama mama, kwa sababu nyonga ilikuwa yake.

"Na muuguzi?" mama akauliza.

"Muuguzi yupi?"

"Wa ghorofa ya pili. Na yule mwalimu. Na dereva. Nao umewabebea funguo?"

"Mama, hayo mengine tuyaache. Mimi nimekuja kwa ajili yako."

Mama akauchukua ufunguo akaupima uzito kiganjani. Akaangalia dirisha lake, kile kipande chake cha anga. Kisha akaurudisha kwenye mkono wa Bwana Tabasamu na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, kama anavyopewa mtoto nauli ili asiipoteze.

"Nikishuka kwa njia hii, mwanangu, nitakuwa nimewakanyaga wenzangu kichwani. Malizia maji yako. Halafu ushuke nao, taratibu, usije ukaanguka. Mimi niliwahi kuanguka hapo."

Alipotoka nikamfokea mama. Ndiyo, nilimfokea. Nilimwambia tukishindwa barazani hatapata tena nyumba ya chini mpaka anakwenda kaburini. Akaniambia kaburi nalo liko chini, nisiwe na wasiwasi. Na akaendelea kushona.

Asubuhi ya kikao akatangaza kwamba naye anakwenda. Nikamkumbusha kiapo chake.

"Nilisema nitahama na mizigo yangu. Leo sihami, natembea tu. Na jioni nitapandishwa nimekaa kitini, si mgongoni kama gunia." Akatia mkasi wake wa kazi kwenye mkoba. "Lakini nachukua huu, ngazi zianze kuzoea."

Bwana Ngazi na dereva wa basi walimshusha kwenye kiti cha jikoni, muuguzi mbele anasafisha njia, mimi nyuma nimeshika fimbo. Kila ghorofa milango ilifunguliwa na watu wakatoka. Mume wangu jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni, na dereva akamwuliza kama wapumzike. "Ng'ombe haelemewi na nunduye," Bwana Ngazi akasema, na mama juu ya kiti akajibu, "Nundu imesikia, ila ng'ombe atazame mbele." Tulipofika nje alifumba macho, jua limempiga usoni, na hatukumharakisha.

Ukumbi wa baraza ulikuwa umejaa. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuchoka, mweupe, na mimi mwenye hasira zangu nikajiambia haya, tumekwisha. Pazia lilikuwa mezani kwake, limefungwa kwenye mfuko wa karatasi. Mkaguzi wa baraza alikuwa amelikuta limetundikwa kwenye nyumba nyingine tupu, mtaa wa mbali kabisa na ile niliyoitaka mimi.

Tulisema yetu, mimi, Miwani, muuguzi, dereva, mwalimu. Wakili wa Bwana Tabasamu akasimama, na lazima nikiri alijua kazi yake. Kuhusu Miwani alisema ni mshirika wangu wa biashara, atasema nini kingine? Kuhusu sisi wengine alisema hatukuona pazia moja, tuliona mapazia. Kitambaa kile kinauzwa kila duka. Kila nyumba ilikuwa na mpangaji wake aliyehamia na kuhama na pazia lake, na lile lililokamatwa na mkaguzi lilikuwa la kuzuia jua tu kwenye nyumba tupu. "Ndege wa buluu wako wengi mjini," akasema, na Bwana Tabasamu akatabasamu.

"Hao ni wangu," mama akasema kutoka nyuma.

Mwenyekiti akainua kichwa. "Nani amesema?"

"Mimi hapa, kwenye kiti cha jikoni. Nisamehe sisimami. Hilo pazia nililishona mimi."

"Utajuaje, mama? Hata halijafunguliwa."

"Kwa sababu nililikosea mimi." Watu wakaanza kucheka kidogo. Mama akawangoja. "Mheshimiwa, kushona vizuri watu wengi wanajua. Pazia zuri linaweza kuwa la mtu yeyote. Lakini kukosea namna ile, upande mmoja wanaruka na upande wa pili wamelala chali, nimekosea mimi peke yangu mji huu mzima. Na upande wa waliolala, pindo la chini linaanza kwa uzi wa njano na kuishia kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa njano uliniishia na siwezi kushuka dukani. Lifti yetu ni mbovu."

Mwenyekiti akakata kamba ya mfuko. Mkaguzi na karani wakalishika pazia huku na huku wakalikunjua, na ndege wakajaa ukumbini, nusu wanapaa, nusu kichwa chini. Muuguzi akasema kwa sauti, "Ndio hao!" na dereva akasema, "Hao hao!" na mwalimu akapiga meza. Mwenyekiti akavaa miwani, akainama, akafuata pindo kwa kidole chake polepole kutoka mwanzo. Kidole kikasimama.

"Mwekundu," mwenyekiti akasema.

Akamgeukia Bwana Tabasamu. Sauti ilikuwa haijachoka tena. "Hebu nieleze, bwana. Mpangaji gani huyu anayekaa ng'ambo ya bustani, na karibu na stesheni, na kwenye barabara ya miti, na pazia lake ni moja?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikaiona midomo ya mtu yule imefungwa. Wakili wake akamnong'oneza kitu. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye ilikuwa imemwishia pale, kwenye uzi wa mama yangu.

Baraza halikusita. Nyumba zote zilizowahi kufunikwa na ndege wale zifunguliwe, na walionyimwa wapewe kwanza, kila mmoja ile aliyoikosa au inayolingana nayo. Bwana Tabasamu akanyang'anywa kibali cha udalali. Na tangu siku hiyo, mjini kwetu, dalali akitangaza nyumba lazima aufungue mlango mbele ya yeyote anayekuja kuiulizia, aingie aione kwa macho yake, awe na sura yoyote. Watu wanaiita sheria ya pazia. Nilipiga kelele mle barazani, sioni aibu kusema. Nilipiga kelele kama mwehu, na Miwani akanikumbatia miwani yake ikanichoma jicho. Bwana Ngazi, mtu wa kumeza mambo, alikaa kwenye ngazi za nje akalia kwa furaha mbele za watu.

"Si ulisema dua la kuku halimpati mwewe?" mama akamchokoza.

"Nilisema, mama."

"Mwewe wako leo kanyonyolewa."

Tulihama jengo zima likitusaidia. Mama aliagiza cherehani ishuke mbele yake, mikono minne iishike, na yeye afuate nyuma yake juu ya kiti, ili aione njia nzima. Mlangoni hakugeuka kuangalia nyuma. Lifti ya jengo lile ninapoandika haya bado imekufa, nisikudanganye, lakini mwenye jengo ameshaitwa barazani, na anayemshitaki ni mama mmoja wa ghorofa ya tatu ambaye alikuwepo siku ile na aliona inavyofanywa. Mume wangu ameshampelekea maelezo ya mota, na mkoba wa spana uko tayari.

Pazia baraza liliturudishia. Nilitaka kulifumua niwageuze wale ndege, mama akanipiga kibao mkononi. Likatundikwa kama lilivyo kwenye dirisha lake jipya, linaloangalia barabara ya miti. Dirisha hilo nilikuwa nimelipima kwanza. Pazia lilizidi upana mkono mzima, na nikaliacha lizidi.

Siku chache baada ya kuhamia, nilirudi kutoka dukani mchana nikakuta kiti cha mama kitupu. Nikaita. Chumbani hakuna mtu, jikoni hakuna mtu. Moyo ukanipasuka, maana kwa miaka mingi mama kutoonekana kulikuwa na maana moja tu, kwamba ameanguka. Nikatoka mbio nje bila viatu.

Alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama chini ya mti na fimbo yake, anatazama dirisha letu kwa makini, ameinamisha kichwa upande mmoja.

"Mama! Unafanya nini huko?"

"Nilikuwa sijawaona kutoka nje," akasema. "Watu wote wamewaona, isipokuwa mimi." Akawaangalia tena. "Kweli nilikosea, bwana. Wamelala chali kabisa."

"Lakini nani amekutoa? Nani kakushusha mpaka hapa?"

Akanitazama kama vile nimeuliza jambo la ajabu.

"Hakuna aliyenishusha," mama akasema. "Nimetoka tu."